Siku Tuliyotoa Friji la Baba

Mimi sijui kutulia. Mama husema ni kwa sababu nilizaliwa njiani, na hasemi kwa mafumbo: alinizaa kando ya barabara, upande wa Tanzania, siku chache baada ya wao kuvuka mpaka wakikimbia. Nikila, nala nimesimama. Nikipanga chumba hapa Gitega, haupiti muda kabla sijakitoa kasoro, mara bati linapiga kelele, mara jirani anakohoa, mara choo kiko mbali. Ilifika mahali wenye nyumba wakawa wananiuliza kwanza kama safari hii nimekuja kukaa au kupumzika.

Kwa hiyo kazi niliyopata ilinifaa, maana ilikuwa ya miguu. Nilifanya kazi kwa fundi mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko la Gitega. Alipokea vyombo vikuukuu vya umeme: mafriji, pasi nzito, majiko ya koili, televisheni zenye kibyongo. Alivifungua vyote, shaba akaiweka huku, alumini huku, chuma huku, na gesi ya friji akaivuta kwenye mtungi wake badala ya kuiachia hewani. Vyuma vilikwenda Bujumbura, na mwenye chombo alipunguziwa bei ya kifriji kipya, kidogo, kisichokula umeme. Hata makasha matupu ya mafriji hayakutupwa. Wakulima wa Nyarusange waliyachukua wakahifadhia mbegu za maharagwe, kwa sababu fukusi hajui kufungua mlango wa friji.

Mimi nilikuwa mdomo wa karakana. Nilipita nyumba kwa nyumba na kimita kidogo cha kuchomeka ukutani, nikamwonyesha mwenye nyumba jinsi friji lake linavyobugia umeme hata wakati wa kulala. Watu walinichukia kwanza, kisha wakaniita. Mwenye baa mmoja wa Giheta alinifukuza asubuhi akisema namtukania friji, na mchana akaja mwenyewe karakana amelipakia kwenye mkokoteni, jasho linamtoka, akitaka nimwombe radhi na nimpe jipya. Nilimpa jipya. Radhi hakuipata, maana sikuwa nimekosea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwanamke wa kuwafumbua macho watu wa Gitega. Na kwetu Muyinga, kandokando ya Gashoho, ndani ya nyumba ya baba yangu, lilikuwapo friji baya kuliko yote niliyowahi kuchomekea kimita.

Baba alilinunua baada ya amani kutulia na waya za umeme kufika kwetu. Tulikuwa tumerudi kutoka kambini na mabegi na masufuria, kama wengine wote. Wenzake wakapata pesa za mavuno wakanunua mbuzi, wakanunua simu. Yeye alikwenda mjini Muyinga, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikifungwa, akarudi na friji la milango miwili, la chuma tupu, lililobebwa na wanaume wa kilima kizima wakiimba kama wanaobeba bibi harusi. Mlangoni halikupita. Baba akavunja ukuta wa sebule, likaingia, akajenga ukuta upya nyuma yake.

Mama alimuuliza kama ana akili timamu. Baba akamjibu, nami nilikuwapo nikisikia, "Nimekimbia mara mbili katika maisha yangu. Mara zote mbili nilikuwa na vitu vya kubebeka. Safari hii nimenunua kitu ambacho siwezi kukimbia nacho."

Majirani, ambao nao walikuwa wamekimbia na kurudi kama sisi, walicheka, lakini walimwelewa. Ukawa utani wa pale kwetu. Ukitokea uvumi wowote, redio ikisema hili, mtu wa sokoni akisema lile, walikuja kusimama karibu na dirisha letu wakasikiliza. "Friji la Mutama linanguruma," wakasema, kwa maana ya mzee wetu. "Twendeni tukalale."

Na kunguruma lilijua. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka, baridi ikawa inamwagikia sebuleni, na mota haikupumzika hata kidogo, usiku na mchana inahangaika kupoza chumba kizima cha watu. Mita yetu ilikuwa ya kulipia kabla, ile wanayoiita kashipawa, na umeme tulionunua uliisha kabla mwezi haujafika nusu. Ukiisha, friji lilinyamaza mpaka baba auze kitu. Mwanzoni haikuwa shida. Ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya maji ya baba ya kunywa na, wakati wa sikukuu, nyama.

Kisha mama akapatikana na ugonjwa wa sukari. Akapewa dawa ya sindano, zile chupa ndogo zinazotaka kukaa kwenye baridi muda wote. Baba alifurahi, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, lakini alifurahi. Alizipanga chupa zile kwenye rafu ya katikati kwa mikono miwili, akasema mnaona sasa, friji hili lilijua linamngoja nani.

Msimu wa jua kali mama alianguka sokoni Gashoho, katikati ya vikapu vya maharagwe. Muuguzi alizitazama zile chupa akasema dawa imekufa kwa joto, kwamba mama amekuwa akijidunga maji. Umeme ulikuwa umekatika ukarudi, ukakatika ukarudi, na kila mara dawa ilichemka kidogo pamoja na sebule. Nilipigiwa simu nikiwa Gitega, nimeshika kimita mkononi, namweleza mama wa watu habari za mpira wa mlango. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi.

Fundi wangu ndiye aliyeninyanyua. Nilikuwa nazunguka karakana, naokota bisibisi, naiweka, naiokota tena, mpaka akachoka kunitazama.

"Dada, we unazunguka Gitega muzima uko nafundisha batu," akasema, "na kwenu mama iko najichoma dawa ya moto? Ile haiko frigo, ile iko adui. Mi natoa camionnette, tunaenda kuichukua. Kesho."

Tulikwenda na gari lake dogo la mizigo, tumepakia nyuma kifriji kipya cheupe, kimefungwa blanketi. Njia nzima kupitia Karusi sikuweza kukaa vizuri kitini, nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia baba, nayapangua, napanga mengine. Fundi alitushusha, mimi na kifriji, akaendelea mjini Muyinga kutafuta vyuma. Alisema atapita kesho yake kuchukua mzigo.

Baba alikizunguka kifriji kile kama mtu anayekagua ndama. Kisha akainama, akakikumbatia, akakiinua juu. Peke yake! Mzee wa magoti mabovu. Akakirudisha chini polepole, na nikaona uso wake umebadilika.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni chombo cha kukimbia nacho."

"Baba, ni chombo cha dawa."

"Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali ile aliiokota Tanzania na aliipenda kupita kiasi.

"Mbachao unamuua mama!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha. Nilimweleza habari za mota, za mpira, nikachomeka kimita changu mbele yake tarakimu zikakimbia. Hakutazama tarakimu. Alilitazama friji. Akasema ataongeza bidii ya kununua umeme, atauza ndizi zaidi, umeme hautaisha tena. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele, akasema tu, "Wewe nawe, punguza sauti, majirani watadhani tumefiwa." Baba akatoka nje. Nikazunguka ile nyumba mpaka mama akaniambia nikazungukie uani, namtia kizunguzungu.

Asubuhi yake umeme uliisha tena, kama kwa makusudi, na maji ya baba yakawa vuguvugu. Akaenda jikoni kwa mama kutafuta maji ya mtungini. Kulikuwa na mtungi wa udongo kwenye kona, umefunikwa kitambaa kilicholowa. Akatumbukiza kikombe, kikagonga mchanga. Akatia mkono. Nilikuwa mlangoni nikamwona akitoa chupa ya dawa, na ya pili, mchanga wa baridi umeshikamana nazo.

"Tangu lini?" akamuuliza mama.

"Tangu nilipoanguka sokoni. Muuguzi alinifundisha, mchanga uloweshwe, ukae kivulini. Unasaidia kidogo, ila jua likiwa kali hauwezi."

"Na friji?"

"Friji lina maji yako na chupa tupu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alijifuta mikono. "Kila asubuhi unalifuta vumbi kwa shati lako zuri," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Baba alizirudisha chupa mchangani moja moja, akafunika kitambaa, akakinyoosha kikae sawa. Halafu akaenda bandani akarudi na sururu. Akasimama mbele ya ukuta wa sebule, palepale alipoujenga, akapiga.

Fundi alipofika na gari lake, ukuta ulikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe. Tulitoa masufuria, mikeka, viti, godoro, tukavirundika uani visije vikajaa vumbi. Mama tukamketisha kwenye mkeka kando ya vitu hivyo na mtungi wake mapajani. Tukalilaza friji kwenye magogo, tukalivingirisha mpaka barabarani, baba akisukuma nyuma, macho chini. Fundi alilisifu, kwa adabu tu. "Mutama, chuma hii iko muzuri," akamwambia. "Itakuwa majembe." Baba akaitika kwa kichwa.

Wakati tunalifunga kamba ndipo jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekaa nasi kambi moja kule Tanzania, akapita akitoka kuchota maji. Alisimama. Akautazama ukuta uliobomoka. Akatazama godoro uani, masufuria, mama juu ya mkeka, gari la namba ngeni, na juu ya gari, friji. Alitua ndoo yake katikati ya barabara, akageuka, akaenda zake mbio kama msichana.

Sikumtilia maanani. Nilichokisikia kwanza ni kuku. Kwetu, ukisikia kuku wanakimbizwa mchana na wala si sikukuu, unajua maana yake: mtu anakimbia, na hataki kuwaacha. Kuku wa nyumba ya kwanza wakapiga kelele, kisha wa nyumba ya pili, kisha upande wa bondeni. Mtoto akaanza kulia. Mtu akaita jina la mtu mara nyingi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na pale kwetu hakuna ambaye hakuumwa.

Nataka niseme wazi kilichonipata mimi. Nilijua sababu ya yote yale kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Friji nilikuwa nalishika kwa mkono wangu. Na bado, kuku walipolia, niliingia ndani, na nilipojitambua nilikuwa nimesimama tena uani nimevaa viatu, begi begani, nimemshika mama mkono namvuta ainuke. Yeye alikuwa ananitazama kwa mshangao, akisema, "Unanipeleka wapi? Unanipeleka wapi, mwanangu?" Mwili wangu ulikuwa umesikia kuku na kuondoka bila kuniaga.

Tulipotoka uani, barabara ilikuwa imejaa. Watu na vifurushi vichwani, baiskeli zimefungwa magodoro, mzee mmoja na redio chini ya kwapa. Walikuja kwetu kwanza, ndiyo desturi, kuuliza njia ipi.

"Mutama, umesikia nini?" yule mama wa ndoo akauliza. "Tuambie tu. Tunakwenda upande gani?"

"Sijasikia kitu!" baba akasema. "Ni umeme. Friji linakula umeme."

Watu walimtazama. Nani anayevunja ukuta wa nyumba yake kwa ajili ya umeme?

"Lisemwalo lipo," mzee wa redio akasema, "kama halipo laja."

"Hakuna lililosemwa! Ni mpira wa mlango, umepasuka!"

Nikaingilia kwa maneno yangu ya Gitega, mota, matumizi, chombo kipya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, mwanamke wa mjini mwenye begi begani. Fundi alipanda juu ya gari lake akapiga makofi. "Batu bangu," akasema, "mi nimekimbia vita mingi kule kwetu, sijaona mutu anakimbia akibeba frigo na kuacha bibi yake!" Wachache wakacheka, lakini hakuna aliyetua kifurushi. Wengine walikwishaanza kuteremka upande wa mpaka. Nilimwona baba akigeuka kulitazama friji. Ilikuwa inamwingia kwamba siku zote zile watu walikuwa wakilalia neno lake, na yeye mwenyewe alikuwa amelilaza juu ya gari.

Mama ndiye aliyekwenda. Alipita katikati ya watu na mtungi wake, polepole, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Akaingia ndani kwa kupitia lile tundu la ukuta, kila mtu akimwona. Kifriji kilikuwa kwenye kona, nimeshakichomeka kwa umeme nilionunua asubuhi ile. Akapiga magoti, akachimbua chupa kwenye mchanga, akazipangusa kwa kanga, akazipanga ndani, akafunga mlango. Kisha akageuka, akiwa bado amepiga magoti.

"Dawa hii haipendi jua," akasema. Hakupaza sauti, watu wakalazimika kunyamaza. "Msituni hakuna baridi. Kambini hakuna baridi. Siku mkiniona nimeitia mfukoni nikatoka nayo barabarani, mjue nimekwenda kufa. Mimi siwezi kukimbia tena, hata kuje nini. Kwa hiyo msilisikilize tena lile dude la chuma. Mkitaka kujua kama nyumba hii inahama, njooni asubuhi mniulize kama nimechoma sindano."

Yule mama wa ndoo alishusha kifurushi chake akakikalia, akaanza kulia bila kujificha. Mmoja akawaita waliokuwa wameteremka, warudi.

Baba alikuwa amesimama kwenye tundu, mkono mmoja juu ya tofali lililovunjika. Alimtazama mama kama mtu anayepiga hesabu ya zamani na kuona ilikosewa.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Tangu ulipoanza kuugua. Kwamba kukitokea jambo, sisi tutakwenda na wewe utabaki."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia," mama akasema, "ungenunua friji kubwa zaidi."

Watu walicheka, na vicheko vile vilikuwa na machozi ndani yake, hata mzee wa redio alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Aliingia akampa mama mkono, akamwinua kutoka sakafuni, na hakuuachia ule mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Friji likaondoka na fundi. Mimi nilibaki. Waliokuwa wamefunga mizigo waliifungua palepale uani kwetu wakatoa majembe yao, wakakanyaga udongo, na kabla jua halijazama ukuta ulikuwa umefungwa, mbichi, unanuka mvua. Kifriji kilikuwa kimya. Kila mara nilikwenda kukiwekea sikio, sikuzoea nyumba ile bila ngurumo, nikadhani kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Umeme ulidumu.

Asubuhi walikuja kweli. Yule mama wa ndoo alikuwa wa kwanza, akapiga hodi ukutani, mahali palipokuwa bado na unyevu. "Umechoma?" akauliza. "Nimechoma," mama akasema, na yule jirani akaenda zake shambani. Akaja mzee wa redio. Wakaja wengine wakielekea kisimani, wengine wanapita tu barabarani na kupaza sauti bila kusimama. Mama aliwajibu wote kwa neno lilelile, huku akipepeta mchele.

Wa mwisho kuuliza alikuwa baba. Alikuwa amekaa kando ya mama tangu alfajiri, na ni yeye aliyemshikia chupa wakati anavuta dawa kwenye sindano. Alingoja mpaka barabara ikawa tupu, ndipo akamsogelea.

"Umechoma?" akasema.

"Nimechoma," mama akamjibu.